Mwewe Mweupe wa Mateteni

Jumatatu, 11 Machi 1974

Dunguni, juu ya jukwaa la kulindia shamba, tangu alfajiri. Mtama umeanza kuingia maziwa, kwa hiyo hakuna kushuka hovyo. Kombeo limenichubua kidole. Debe limepasuka upande mmoja na sasa linatoa sauti ya kukera meno. Bora. Na ndege nao wakereke.

Mnana, tetere, kunguru. Hao ni wa kila siku, sihangaiki nao. Lakini asubuhi alikuja tandawala mmoja, yule ndege mkubwa wa shingo ndefu, akatembea pembezoni mwa shamba taratibu kama mkaguzi wa shule. Sijamwona tandawala tangu tuhamie hapa. Shamba la kijiji halina mti hata mmoja, wamekata yote, kwa hiyo angalau macho yanafika mbali. Sina jema lingine la kulisemea shamba hili.

Adhuhuri alipita Mgeni. Nikaweka kombeo chini, nikanyamaza.

Mgeni ni jina alilompa Baba. Ni mwewe mweupe, kifua rangi ya unga, ncha za mabawa nyeusi tii. Huja peke yake baada ya vuli, huondoka masika yakishika, na hakuna anayejua anakotoka. Harandi juu kama mwewe wengine. Anapita chini, karibu aguse masuke, huku na kule, kama mtu aliyeangusha sindano. Akipita, ndege wadogo wote hujibana chini kimya. Ndiyo maana Baba alitufundisha tangu utotoni: Mgeni akipita usirushe jiwe, usipige debe, usipige kelele. Anaifanya kazi yako vizuri kuliko wewe. Mwache.

Mwajuma, jirani yangu, analinda dungu la pili. Akapaza sauti, "Hawa! Umelala?" Nikamwonyesha kwa kidole. Hakuona kitu. Kwake yeye kila kinachoruka ni kunguru. Nampenda, ila macho hana.

Jumatano, 13 Machi

Nimekwenda kwa Baba na unga. Unga wenyewe ni ule wa njano wa msaada, unanuka ghala, lakini ndio uliopo. Nimepita njia ya mtoni ili mgambo wasinione.

Mateteni, kijiji chetu cha zamani, tulihamishwa wote mwaka jana kabla ya vuli. Wote isipokuwa yeye. Siku ya malori alijificha kwenye matete, watu walipokwisha kuondoka akarudi nyumbani kwake. Katibu wa tawi ametangaza kwamba Mateteni hakuna mtu tena, na mahame yoyote yatakayokutwa na mtu yatachomwa. Kwa hiyo Baba anapika saa za jua kali, kwa kuni kavu kabisa, moshi usionekane. Mzee mzima anajificha kama mwizi ndani ya nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Nina hasira naye. Na wao nina hasira nao.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mgeni kapita?"

Hilo ndilo swali la kwanza, siku zote. Mume wangu yuko Kimamba kwenye mkonge tangu Januari na Baba hajamwulizia hata mara moja. Mwewe anamwulizia.

Anaishi kwa ndege. Anatega ulimbo, utomvu unaonata, kwenye vijiti kando ya matete, anawakamata wakiwa hai, anachinja mmoja mmoja kwa bismillahi, anawapaka chumvi na kuwaanika juani. Halafu anawatunga kwenye kamba. Leo kulikuwa na mtungo mrefu unaning'inia darini. Kamba ilikuwa imekatika, nikachana upindo wa kanga yangu nyekundu nikaifunga. Akaniambia mtungo ule usiguswe, ni akiba. Akiba ya nini? Hakujibu. Akaendelea kunoa kisu.

Nilimwambia tena ahamie kwangu. Akasema huko kwetu nyumba zimepangwa mstari, mtu akipiga chafya jirani wa tatu anamwitikia. Akasema Mama amelala pale nyuma ya nyumba, nani atamfagilia. Nikamjibu kwamba Mama hahitaji kufagiliwa, yeye ndiye anayehitaji kula. Ilikuwa vibaya kusema hivyo. Nimerudi kichwa kinaniuma.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua hakuna. Ndege karani mmoja, mbali, upande wa reli. Miguu mirefu, manyoya ya kisogoni yamesimama kama kalamu. Alikuwa akikanyaga kitu kwa hasira, labda nyoka. Nilimtazama mpaka alipopotea na kwa muda huo sikufikiria lolote. Raha yangu ya wiki nzima.

Jumatatu, 18 Machi

Nimewaona.

Kundi la mnana lilitua kona ya magharibi, na kati yao nikaona mdomo mwekundu. Nikakaza macho. Mwingine. Na mwingine. Hao si mnana. Ni kweleakwelea. Kwa mbali mtu mwingine asingewatofautisha, wote ni vijidege vya rangi ya majani makavu. Na hawa ni watangulizi tu. Wenyewe wakija wanaziba jua, na wakitua kwenye mtama wanaacha mabua matupu.

Shamba hili ndilo chakula cha kijiji kizima mpaka mwakani. Mahindi yameshakauka. Mtama ukienda, kuna watoto hapa hawatafika mwakani. Hilo halihitaji kisomo.

Lakini nikisema, italetwa eropleni ya sumu, kama ilivyoletwa upande wa Msowero. Sumu humwagwa pale ndege wanapolala. Kweleakwelea hulala kwenye matete. Na matete yapo mahali pamoja tu, hatua chache kutoka mlango wa Baba.

Sijamwambia mtu. Nimepiga debe mpaka bega limekufa ganzi.

Jumanne, 19 Machi

Wameongezeka. Jioni walipita juu ya kijiji kuelekea Mateteni, kundi refu lisiloisha, watoto wakawapigia makofi.

Nimekwenda kwa katibu nikasema. Singeweza kukaa juu ya dungu nikitazama chakula cha watoto wa watu kinaliwa kwa sababu ya kichwa kigumu cha mzee mmoja. Hata kama mzee huyo ni baba yangu. Katibu alinisifu mbele ya watu, akasema dada Hawa ana macho ya kozi. Nilitaka kumtemea mate.

Alhamisi, 21 Machi

Mkutano. Bwana shamba amekuja kwa pikipiki kutoka Kilosa. Kijana mpole, macho mekundu kwa vumbi. Ameshapaona mahali penyewe, matete ya Mateteni, ndege wamejaa mpaka mabua yanalala. Eropleni itakuja Jumatatu jioni, wakishatulia. Akauliza kama kuna mtu yeyote anayeishi karibu na pale.

"Hakuna, ndugu," katibu akajibu. "Wote walihama kwa hiari yao."

Kwa hiari yao! Watu wakatazama miguu yao. Nusu ya waliokuwa pale wanajua Baba yuko kule. Mwajuma alinibana mkono. Nikisema yupo, kesho mgambo wanakwenda na kiberiti. Nisiposema, sumu. Nikanyamaza. Nitamtoa mwenyewe kabla ya Jumatatu.

Mwisho bwana shamba akatoa onyo. Msile ndege waliokufa. Akalirudia. Wengine wakacheka, wengine wakaudhika. Rajabu, mume wa Mwajuma, akasimama. "Ndugu, sisi hapa ni Waislamu. Tangu lini tukala nyamafu?" Bwana shamba akaona haya kidogo, akasema vizuri, basi tumeelewana. Tukatawanyika.

Jumamosi, 23 Machi

Nimekwenda Mateteni. Nimelia. Mwanamke mwenye binti aliyeolewa huko Mikumi, nimepiga magoti kwenye vumbi na kulia kama mtoto aliyenyang'anywa kiazi.

Hataki kuhama. Tumefika hapa: Jumatatu mchana atapanda kilimani, upande upepo unakotoka, alale huko. Maji atachota kwenye chemchemi ya juu, kisima cha chini atakifunika asikiguse tena. Nikampa na maneno ya bwana shamba, kama yalivyo: usile waliokufa. Akanitazama kana kwamba nimemtukana.

"Mimi, Hawa? Mzoga?"

Nikaomba radhi.

Alinisindikiza mpaka mtoni. Njiani Mgeni akatokea upande wa milima ya Mikumi, akapita juu ya mahame yetu, kwenye vishamba vilivyojaa magugu sasa. Tukasimama wote wawili kimya mpaka alipovuka. Baba akauliza kama wamempelekea na huyu habari ya sumu. Hakuwa anatania.

Jumatatu, 25 Machi

Eropleni imekuja jua likizama. Ndogo, ya njano. Imezunguka juu ya Mateteni mara nyingi, inashuka, inapanda. Tuliitazama kutoka hapa kijijini. Watoto walikuwa wanaruka kwa furaha. Baadaye upepo ukaleta harufu, kama vitunguu vilivyooza na mafuta ya taa.

Yuko kilimani. Aliahidi. Yuko kilimani.

Jumanne, 26 Machi

Asubuhi hakuna kweleakwelea hata mmoja. Mtama umesalimika. Katibu anatembea kifua mbele, utadhani yeye ndiye aliyeruka na ile eropleni.

Watu wamekwenda Mateteni na vikapu. Sikwenda, nilikuwa zamu. Mwajuma ananiambia chini ya matete pamejaa ndege, huoni ardhi. Waliokufa wamewaacha, kama walivyoambiwa. Wameokota wale waliokuwa bado wanapumua. Hawaruki, wamelegea, unaokota tu. Rajabu amechinja kwa bismillahi mpaka kisu kimekuwa butu. Halali tupu. Nyama ya kwanza hapa tangu Idi. Mwajuma akaniletea bakuli langu nyumbani, nikaliweka juu ya kinu. Hamu ya kula sina, namfikiria Baba. Nyumbani kwake hawakuona mtu wala moshi.

Baadaye. Saa ya Alasiri niliona kozi wawili wameketi chini katikati ya shamba. Kozi hakai chini. Nikashuka. Mmoja alinitazama, mabawa yameachia, ute unamtoka mdomoni. Hakujaribu hata kuruka. Nikasimama pale nikiwaza kama mjinga. Kozi hali mzoga. Kozi hula aliyemkamata mwenyewe, aliye hai.

Nikakimbia kwa Mwajuma. Sufuria lilikuwa limeshaoshwa.

Jumatano, 27 Machi

Tatu, mtoto wa Mwajuma, amefariki alfajiri. Alikuwa bado hajaanza shule.

Wengi walitapika. Rajabu mwenyewe alitetemeka kama mwenye homa. Wakubwa wameamka, wamekaa kwenye kuta wamelegea, lakini wameamka. Tatu walimfunga kwenye baiskeli kumpeleka Kilosa. Hakufika hata kwenye reli.

Tumemzika adhuhuri. Mwajuma halii. Ananiuliza jambo moja tu, tena na tena. "Si walichinjwa? Hawa, si walichinjwa?"

Niliporudi kutoka mazishini Baba alikuwa ameketi mlangoni kwangu. Mkeka, jembe, birika. Na mtungo wa ndege begani. Alikuwa ananitabasamia. Mtu niliyemwomba kwa miezi kwamba aje, amekuja kwa miguu yake mwenyewe, na mimi sikumwona. Niliona ndege tu. Njia imejaa watu wa msiba, na baba yangu ananyoosha mkono kunipa ndege.

Sikumwamkia. Nikamnyang'anya mtungo mbele ya watu wote, nikaenda nao chooni, nikautupa. Nilipiga kelele. Sikumbuki nilisema nini, ila Rajabu alinishika mabega.

Baba aliingia ndani akatandika mkeka wake. Nikampikia ugali. Hakuugusa. Mimi nikarudi kukaa na Mwajuma.

Alhamisi, 28 Machi

Ameondoka. Mkeka ameukunja vizuri na kuusimamisha pembeni. Jembe ameliacha.

Asubuhi nimekwenda chooni. Kwenye ukingo wa shimo kuna kitambaa chekundu. Upindo wa kanga yangu. Ndio niliofungia ule mtungo wa akiba. Ndege wale nilikuta wameshakauka darini kabla sijamwona hata kweleakwelea wa kwanza. Walikuwa safi. Walikuwa salama kuliko unga wetu. Akiba. Alikuwa anawaweka ili siku akija kwangu asije mikono mitupu, akaonekana mzigo. Ndiyo maana hakunijibu siku ile. Mzee yule ana kiburi na mimi nimekitupa chooni.

Sikumfuata. Nilijiambia ana hasira, zitashuka. Nilijiambia zamu ni zamu, na dungu la Mwajuma leo halina mtu. Nikapanda.

Adhuhuri niliona kitu cheupe chini, kati ya mistari ya mtama. Nilijua ni Mgeni kabla sijafika. Mabawa wazi, jicho la njano wazi. Mwepesi sana. Maisha yangu yote sijawahi kumgusa, nilidhani ana uzito. Nimechimba chini ya dungu kwa mikono nikamfukia. Hakuna niliyemwambia.

Ilikuwa wakati wa kushuka, jua linazama, nikakumbuka jambo moja. Nilimwambia Baba asile waliokufa. Habari ya walio hai sikumwambia. Alikuwa ndani ya nyumba yangu, na sikumwambia. Nilitupa tu na kupiga kelele.

Kumeshakuwa giza na mto hauvukiki gizani. Kukipambazuka tu, naenda.

Ijumaa, 29 Machi

Nilimkuta Baba ameegemea mafiga. Manyoya kando, yamekusanywa vizuri. Kisu kimefutwa. Vijiti vya ulimbo bado vimesimama nje, na ndege watatu wamenasa, hai, hawahangaiki.

Jasho, mate. Mboni za macho zimekuwa ndogo kama mbegu za mchicha. Anapumua. Nikamwita. Akageuza uso ukutani.

Nilikimbia kurudi kijijini nikaenda moja kwa moja kwa katibu, nikamwambia mbele ya kila mtu kwamba baba yangu alikuwa Mateteni siku zote, na kwamba yeye katibu alilijua hilo kama sisi sote. Hakubisha. Rajabu hakungoja amalize kumeza mate. Alitafuta miti miwili na blanketi akavifanya machela, tukaenda kumchukua. Rajabu, ambaye juzi amechimba kaburi la mwanawe na miguu yake bado haina nguvu. Akabeba upande wa kichwa mpaka Kilosa, hakukubali kupokezana.

Jumapili, 31 Machi

Hospitali. Wamemchoma sindano nyingi. Ataishi, wanasema. Nimelala chini kando ya kitanda. Nikimpa maji anafunga mdomo, muuguzi akimpa anakunywa.

Zena wangu amekuja kutoka Mikumi, ameomba lifti kwenye lori la mbao. Babu yake amemshika mkono. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Jumatano, 3 Aprili

Rajabu ameleta habari. Mgambo wameichoma nyumba ya Mateteni, na zizi, na kibanda cha kuku kilichokuwa tupu. Kaburi la Mama halikuguswa. Rajabu alilifagia kabla ya kuondoka, alisema, maana majivu yalikuwa yameanguka juu yake.

Sikumwomba afanye hivyo. Sijui nitamlipa nini mtu huyu.

Jumamosi, 6 Aprili

Tumerudi tangu juzi. Baba anaishi kwangu. Nimepata nilichotaka.

Macho anaona mwanga na kivuli, basi. Daktari anasema huenda yatarudi. Huenda. Baba aliyeweza kumjua ndege kwa namna anavyogeuza shingo, sasa anapapasa ukuta kutafuta mlango.

Na mimi hanisemeshi. Na Rajabu anazungumza, na Mwajuma anazungumza, hata na katibu aliyekuja kumpa pole alimjibu vizuri kuliko alivyostahili. Chakula changu hali. Kwa hiyo nampelekea Mwajuma unga kwa mlango wa nyuma, Mwajuma anapika, Mwajuma anamletea. Mwanamke aliyefiwa na mtoto anamlisha baba yangu, na nyumba yangu ina moto na sufuria. Jana nilimwambia samahani kwa usumbufu. Akasema, "Nyamaza, Hawa. Inanipa cha kufanya."

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua. Kidogo, lakini mvua. Mtama umeinamisha vichwa. Wameanza kusema juu ya kuvuna.

Baba amemwomba Mwajuma amwongoze mpaka shambani. Sasa kila siku anakaa chini ya dungu langu, mgongo kwenye nguzo, fimbo mapajani. Anasikiliza. Amekaa pale pale nilipomfukia Mgeni, udongo haujashikana bado. Hajui. Nimefikiria kumwambia. Mdomo hauendi.

Juu mimi, chini yeye. Natwanga debe na kupiga kelele kutwa nzima na hakuna neno linalopita kati yetu. Korongo weusi wa tumbo jeupe wamepita leo, kundi kubwa, wanaelekea kaskazini. Ndege wa namna hii zamani ningempigia Baba kelele aje atazame. Niliwahesabu peke yangu nikaishia njiani.

Jumatano, 17 Aprili

Wingu, hakuna jua. Mnana wachache tu, wanaanza kutua kona ya magharibi. Nimewapigia debe tangu asubuhi.

Karibu na adhuhuri nikaweka kombeo chini. Nikaweka debe chini, polepole lisigonge mti. Nikanyamaza.

Shamba lilikuwa tupu. Juu pia hapakuwa na kitu.

Kimya kilikaa. Nikaona Baba anainua kichwa, anakigeuza upande huu na upande huu, kama anayefuata kitu kinachopita chini chini juu ya masuke. Fimbo yake ikatulia. Mnana wakatua, wakaanza kula. Sikunyanyua mkono.

"Kapita?" akauliza.

Ni mimi aliyeniuliza. Hapakuwa na mtu mwingine.

"Kapita, Baba."

"Upande gani?"

"Wa reli. Chini kabisa."

Akafikiri.

"Mwaka huu kachelewa kuondoka."

"Kachelewa," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, akaweka kiganja chini kwenye udongo kando yake, akakiacha hapo. Mnana waliendelea kula na mimi nikawaacha wale. Baada ya muda akanyoosha mkono wa pili juu, akasema ana kiu. Nikashuka na kibuyu. Akanywa.